Kama picha haipo, mnunuzi aliondoka na nini?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi nachora tingatinga na kuwauzia watalii, Oysterbay, Dar es Salaam. Juzi mwanafunzi mmoja wa chuo alinionyesha kwenye simu picha ya Mmarekani aliyemwambia rafiki yake ampige risasi ya mkono mwaka 1971, akaita sanaa. Kisha akanionyesha matofali yaliyopangwa sakafuni, eti makumbusho ya London yaliyanunua. Mimi nikiuza picha, mteja anaikunja, anabeba, hesabu imekwisha. Hao waliuza nini? Na walikuwa wanakula nini? Na wanawake, hawakuwepo? Falsafa sitaki, niambie biashara."

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kunikataza falsafa. Sanaa ya miaka ya sabini imefunikwa na maneno makubwa mpaka watu wanaona aibu kuuliza habari ya pesa. Nimefundisha historia ya sanaa miaka mingi, na kila nikifika hapo darasa hugawanyika: nusu wanacheka, nusu wanaandika kwa adabu jambo wasiloliamini. Swali lako hakuna anayeliuliza. Nadhani ni kwa sababu hakuna kati yao aliyewahi kukaa kibarazani mchana kutwa akimsubiri mtalii.

Waliuza karatasi. Hilo ndilo jibu, na yanayofuata yote ni maelezo ya karatasi za namna gani.

Tuanze na risasi. Kijana huyo aliitwa Chris Burden, alikuwa na miaka 25, na tukio lilifanyika usiku wa tarehe 19 Novemba 1971 katika ukumbi mdogo wa wasanii ulioitwa F Space, mjini Santa Ana, California. Rafiki yake alisimama umbali wa kama mita nne na nusu akiwa na bunduki ndogo. Mpango ulikuwa risasi imkwaruze tu mkono. Haikukwaruza; ilipenya nyama ikatokea upande wa pili. Waliokuwepo ni marafiki wachache tu, na tiketi haikuuzwa. Filamu iliyopigwa ukiitazama ni sekunde chache, hujakaa vizuri imekwisha.

Kilichobaki ni kovu, picha chache zisizo na rangi, na maandishi mafupi makavu kama ya daftari la kituo cha polisi: saa, mahali, umbali, aina ya bunduki. Burden alikuwa mwangalifu sana kwa hayo. Alichagua mwenyewe ni picha zipi zitoke na maneno gani yaandamane nazo, na kwa vipande hivyo tukio la watu wachache likaingia katika vitabu vya dunia nzima. Mwaka 1974 alisulubiwa kwa misumari juu ya gari la Volkswagen huko Venice, kitongoji cha Los Angeles. Gari lilisukumwa nje ya gereji, injini ikanguruma dakika mbili, likarudishwa ndani. Misumari ile haikutupwa. Aliihifadhi, ikaonyeshwa baadaye kama watu wa dini wanavyohifadhi masalio ya watakatifu. Hapo unaona kitu cha kuuza kimeanza kujitokeza.

Wasimulizi hukumbusha kwamba hiyo ilikuwa zama ya vita vya Vietnam, na kila jioni televisheni ya Marekani ilionyesha vijana wa rika lake wakipigwa risasi, watazamaji wakiendelea na chakula. Maelezo hayo nayakubali. Lakini moyo wangu haujawahi kutulia na kazi hii, na nadhani wewe utanielewa kuliko wanafunzi wangu. Mzee Edward Saidi Tingatinga, ambaye kwa jina lake unapata mkate, aliuawa na polisi kwa risasi hapo Dar es Salaam mwaka 1972, kwa kudhaniwa ni mhalifu. Miezi michache ilitenganisha risasi hizo mbili. Moja iliombwa, ikapigiwa picha. Nyingine hakuiomba mtu.

Sasa matofali. Aliyeyapanga ni Carl Andre, Mmarekani. Ni matofali 120, tabaka mbili, mstatili mmoja sakafuni, bila saruji. Yalionyeshwa mara ya kwanza New York mwaka 1966, na mnunuzi hakupatikana. Unajua alifanya nini? Aliyarudisha matofali kiwandani. Baadaye, mwaka 1969, alipotaka kuitengeneza upya kazi ile, kiwanda kilikuwa kimefungwa, akatumia matofali ya aina nyingine, yale ya kujengea tanuri. Haya ndiyo makumbusho ya Tate ya London yaliyoyanunua mwaka 1972.

Miaka minne hakuna aliyepiga kelele. Februari 1976 magazeti ya Uingereza yakaliibua jambo hilo kana kwamba yamefumania wizi. Uchumi wao ulikuwa taabani, na mwaka huohuo serikali yao ilikwenda Shirika la Fedha la Kimataifa kuomba mkopo, kwa hiyo habari ya pesa za umma kununua tofali ilishika kama moto wa nyasi kavu. Mtu mmoja aliingia akayamwagia rangi ya bluu. Yakasafishwa.

Swali lako linakaa vizuri hapa. Tate walinunua nini, ikiwa matofali ya kwanza yalirudi kiwandani? Walinunua mpangilio, pamoja na uthibitisho kwamba mpangilio huo ni wa Andre. Ukienda hardware ukanunua 120 yako ukayapanga vilevile, una mwanzo mzuri wa jiko la nje.

Mwenzake Sol LeWitt aliipeleka biashara hii mbele kuliko wote, na bila fujo. Tangu mwaka 1968 alibuni michoro ya ukutani ambayo wengine walikuja kuichora kwa kufuata maelekezo yake. Mnunuzi alipewa cheti chenye saini na mchoro wa maelekezo, basi. Akihama, anaipaka chokaa kuta za nyumba ya zamani, anaajiri wachoraji wanaoichora upya kwenye nyumba mpya. Cheti kikipotea, una ukuta wenye mistari tu na hakuna dalali atakayeupokea. LeWitt alifariki mwaka 2007, na michoro yake inaendelea kuchorwa na vijana ambao hawakuwahi kumwona.

Lakini anayenivutia zaidi katika hadithi ya karatasi ni Gordon Matta-Clark, na kwa huyu niruhusu nikae kidogo, kwa kuwa kazi yake moja inahusu jambo ambalo kila mtu wa Dar analijua mpaka kwenye mfupa: viwanja na hati.

Baba yake alikuwa mchoraji mashuhuri kutoka Chile, naye akasomea usanifu wa majengo Chuo Kikuu cha Cornell. Alipohitimu, badala ya kujenga nyumba akaanza kuzikata. Mwaka 1974 wafadhili wake walimpa nyumba ya mbao iliyokuwa ikisubiri kubomolewa, Englewood, New Jersey. Yeye na wenzake waliipasua katikati kwa msumeno wa injini kuanzia juu hadi chini, wakaichonga misingi ya upande mmoja, wakaishusha nusu ile taratibu kwa jeki. Nyumba ikafunguka kama papai, jua likaingia katika vyumba ambavyo havikuwahi kuliona. Mwaka haukuisha ikabomolewa. Pembe nne za paa, ambazo alizikata akaziweka kando, ziko makumbusho ya sanaa ya San Francisco. Zilizobaki ni filamu na picha alizozikatakata na kuziunga.

Lakini kabla hata ya nyumba hiyo alikuwa ameshaanza jambo lingine. Jiji la New York lilikuwa na mnada wa vipande vya ardhi visivyo na mwenyewe: masalia ya wapima ardhi waliokosea hesabu, vijisehemu vilivyobaki barabara ilipopindishwa, nyufa kati ya nyumba na nyumba. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alinunua 15, vyote katika wilaya ya jiji iitwayo Queens isipokuwa kimoja cha wilaya ya Staten Island, kwa bei ya dola 25 hadi 75 kila kimoja. Kimojawapo kilikuwa utepe wenye upana wa futi moja kandokando ya njia ya gari ya mtu. Kingine, futi moja ya mraba kwenye njia ya waenda kwa miguu. Vingine vilizungukwa na kuta za majirani pande zote, kiasi kwamba mmiliki halali, mwenye hati halali, hakuwa na namna ya kukanyaga mali yake.

Fikiria hilo. Sisi tunajua kiwanja kimoja chenye hati tatu. Yeye alitafuta kinyume chake, hati safi isiyo na mashaka ya kiwanja kisichofaa hata kusimamisha kuku. Alikusanya hati zenyewe, risiti za kodi, ramani, na picha za kila kipande. Pale penye utepe mrefu alipiga picha nyingi akaziunga ziwe ndefu kama ardhi yenyewe. Halafu akafariki kwa saratani mwezi Agosti 1978, ana miaka 35. Kodi za ardhi haziulizi kama mwenyewe yuko hai. Hazikulipwa, na vipande vyote vikarudi mikononi mwa jiji. Mwaka 1992 mjane wake aliziunganisha zile karatasi na picha katika fremu, na leo zipo katika makumbusho makubwa, Guggenheim ikiwemo. Ardhi imepotea, hati iliyokufa ndiyo yenye thamani. Hata ungekuwa wakili wa ardhi usingeweza kutunga kichekesho kama hicho.

Jina la Guggenheim linanikumbusha jambo, nalipitia haraka. Mwaka 1971 Mjerumani aliyeishi New York, Hans Haacke, alialikwa kuonyesha kazi zake mlemle. Alikwenda ofisi za serikali, kwenye majalada yaliyo wazi kwa kila mtu, akaorodhesha nyumba na viwanja 142 vya kundi moja la wamiliki katika mitaa ya maskini, kila jengo na picha yake, nani amemuuzia nani na rehani iko kwa nani. Mkurugenzi alilifuta onyesho wiki chache kabla ya kufunguliwa, na msimamizi aliyeliandaa akapoteza kazi. Mtu kupigwa risasi ulimwengu wa sanaa ulivumilia. Majalada ya nyumba za kupanga yaliushinda.

Walikula nini? Kwa mji wa New York naweza kukupa hata anwani: kona ya barabara za Prince na Wooster. Matta-Clark na wenzake, Carol Goodden na Tina Girouard, walifungua mgahawa hapo mwaka 1971 wakauita Food, yaani Chakula, bila kujisumbua. Wasanii walipika, wasanii waliosha vyombo, wasanii walikula. Palikuwa ajira kwa wasiokuwa na kazi na meza kwa waliofulia. Jioni moja Matta-Clark aliandaa mlo wa mifupa mitupu, supu ya mkia na mingine ya kufyonza uboho. Sahani zilipoondolewa, mifupa ilisuguliwa, ikatobolewa, ikatungwa, kila mlaji akarudi nyumbani amevaa mkufu wa chakula chake cha jioni. Hao angalau waliondoka na kitu.

Mtaa wenyewe, SoHo, ulikuwa wa viwanda vilivyohama. Maghorofa matupu, lifti za mizigo, kodi ndogo, baridi kali. Wasanii waliingia kuishi kinyume cha sheria, kwa sababu majengo yalitengwa kwa viwanda. Mwaka 1971 jiji likawaruhusu kwa sharti: uwe na cheti cha jiji kinachothibitisha kwamba wewe ni msanii kweli. Kwa hiyo watu waliokuwa wakiwaambia wanunuzi kwamba kitu si muhimu, wazo ndilo muhimu, walipanga foleni kupata karatasi yenye muhuri ili wasifukuzwe walipolala. Nikiwa darasani hapa huwa nasimama kidogo waandike.

Usidhani New York ilikuwa hao tu. Harlem kulikuwa na kundi la wasanii weusi lililoanza mwaka 1965, nalo lilijiita kwa neno letu, Weusi, na galari yao waliiita Nyumba ya Sanaa, kwa Kiswahili hivyohivyo. Mwaka 1974 mama mmoja, Linda Goode Bryant, alifungua galari ya wasanii weusi kwenye mtaa wa 57, katikati ya wafanyabiashara wakubwa. Humo David Hammons alionyesha nywele zilizofagiwa vinyozini, mifupa ya nyama choma na mifuko ya karatasi iliyolowa mafuta, mfano wa ule unaotilia chipsi. Watu wengi walikasirika. Kwa macho yangu mifuko ile ina uhai kuliko matofali ya London, ila nakiri hapo naongea kama mtu wa pwani anayejua karatasi yenye mafuta inavyonukia.

Nani basi alitajirika? Hili ndilo utakaloliweka akilini kuliko yote, kwa kuwa na wewe linakuhusu. Tarehe 18 Oktoba 1973, Robert Scull, tajiri wa teksi wa New York, alipiga mnada kazi 50 za mkusanyo wake. Kulikuwa na kazi ya Robert Rauschenberg aliyoinunua mwaka 1958 kwa dola 900. Ikauzwa dola 85,000. Msanii alikuwepo ukumbini. Sehemu yake katika hizo 85,000 ilikuwa sifuri. Alimfuata Scull akamsukuma kifuani mbele ya kamera, na Scull akamjibu kwamba na yeye amefaidika, bei ya kazi zake zijazo imepanda. Nje madereva wa teksi nao walikuwa wakiandamana.

Dawa ya jambo hilo ilikuwa imeshaandikwa miaka miwili nyuma, na ilikuwa karatasi pia. Mwaka 1971 mfanyabiashara wa sanaa Seth Siegelaub na mwanasheria Robert Projansky walitoa mkataba wa kurasa tatu ambao msanii yeyote angeweza kuujaza: mnunuzi akiuza tena kwa faida, asilimia 15 ya faida inarudi kwa msanii, na msanii anajulishwa kazi inapoonyeshwa. Waliusambaza bure. Wasanii waliuona, wakausifu, na wengi wao hawakuutumia, kwa hofu ileile uliyo nayo wewe mteja akiwa amesimama mbele yako na noti mkononi: nikimtolea karatasi ataondoka. Haacke ni mmoja wa wachache walioushikilia. Ufaransa ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1920, na California ikatunga yake mwaka 1976, asilimia tano, lakini mahakama baadaye ziliipunguza mpaka ikabaki jina.

Kuna kazi moja ya wakati huo ambayo haijauzwa kabisa, nayo ukifika New York unaiona bure. Ghorofani, namba 141 barabara ya Wooster, Walter De Maria alijaza udongo mwaka 1977. Udongo mweusi wa kawaida, kina cha kama sentimeta 56, eneo la mita za mraba zaidi ya 330, uzito wa tani 127. Ulikusudiwa kukaa miezi mitatu. Taasisi ya Dia, iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa fedha za familia ya mafuta ya Texas, ikaamua ubaki, na tangu mwaka 1980 uko wazi kwa watu. Unasimama mlangoni, unautazama, unanusa mvua ndani ya jengo, unaondoka. Kuna mtunzaji wa kuumwagilia na kuupiga reki. Mimea na uyoga ukichomoza, anaung'oa. SoHo siku hizi ni mtaa wa maduka ya kifahari, kila mita ya sakafu ina bei ya kutisha, na juu yake shamba lisilolimwa limelala. Nikiulizwa ni kazi gani ya muongo ule ningeilinda kama nyumba inaungua, ningetaja hii, ingawa sijui ningeibeba na nini.

Umeniuliza pia kwa pembeni kama hakukuwa na wanawake, maana kazi zote ulizoonyeshwa zilikuwa za wanaume. Walikuwepo. Mierle Laderman Ukeles alipojifungua mtoto aliona siku yake imekwisha kwa kufua, kupika na kufuta, akaandika mwaka 1969 kwamba kuanzia hapo kazi hizo ndizo zitakuwa sanaa yake. Mwaka 1977 aliingia idara ya usafi ya jiji la New York kama msanii wao, bila mshahara, na kuanzia mwaka 1979 alitumia takriban mwaka mzima akizunguka vituo vyote, akawashika mkono wafanyakazi wa taka 8,500, mmoja mmoja, akimshukuru kila mmoja kwa kuuweka mji hai.

Kazi yake ninayoipenda ni ndogo zaidi. Mwaka 1973, makumbusho ya Wadsworth Atheneum mjini Hartford, kulikuwa na maiti ya kale ya Misri ndani ya kasha la kioo, na kila siku mfagiaji alikifuta kioo hicho. Ukeles alichukua kitambaa akakifuta yeye, kisha akapiga muhuri wake juu, kwamba usafi huu ni kazi ya sanaa. Kwa taratibu za makumbusho, kazi ya sanaa haiguswi na mfagiaji. Ni mtaalamu wa kuhifadhi peke yake ndiye mwenye ruhusa. Ikabidi aitwe mtaalamu, aikague, aandike ripoti ya hali yake, ndipo akifute kioo. Mfagiaji akasimama kando na ndoo yake, anatazama.